Jiwe la Kilomita ya Ishirini

Mimi siwapendi watu wanaojisifu kwa afya. Mtu akikuambia kwamba asubuhi ya leo moyo wake umepiga mara hamsini na mbili kwa dakika, wewe ufanye nini, umpigie makofi? Lakini kwa miaka kumi na tisa cherehani yangu imepakana ukuta na duka la fundi saa, na ukuta wenyewe ni wa mbao, kwa hiyo habari za moyo wake nimezisikia kila siku ya kazi, nitake nisitake.

"Hamsini na mbili leo, shemeji," alikuwa akisema, kabla sijamaliza hata kufungua kufuli langu.

"Hongera. Mimi sijahesabu wangu, ila nadhani bado upo."

Mtaani wanamwita Mzee Dakika. Ana miaka sitini na saba, mwembamba, mashavu ya miguu yamekaza kama ya kijana, na anakimbia. Sisemi kwamba anatembeatembea jioni kunyoosha viungo kama wastaafu wengine. Anakimbia mlimani. Kila mwaka mji wetu una mbio za kilomita ishirini na nne: watu huanzia uwanja wa mpira, hupanda hadi karibu na kilele, hulizunguka bega la mlima na kushuka kurudi uwanjani. Ukizidisha saa tatu njiani, geti la uwanja linafungwa mbele ya pua yako. Waandaaji huandika muda wa watu kumi wa kwanza tu. Wengine huandikwa "amefika", au hawaandikwi kabisa. Anayefika hubaki na namba yake ya kifuani kwa mwaka unaofuata. Asiyefika, namba yake hupewa mtu mwingine. Mzee Dakika alikuwa na namba 23 kwa miaka ishirini na sita mfululizo, na tangu nihamie pale, mimi ndiye niliyeishona kwenye fulana yake.

Namba hiyo ilimtawala mchana na usiku. Saa tatu za usiku alikuwa ameshalala. Saa kumi na moja alfajiri ameamka, amekunywa glasi ya maji, ameweka vidole viwili shingoni na kuhesabu mapigo. Kisha huchuchumaa na kuinuka mara thelathini akiwa ameshika fremu ya mlango. Meno alipiga mswaki amesimama mguu mmoja, leo wa kulia, kesho wa kushoto, kwa sababu, alivyonieleza zaidi ya mara mia, kinachowamaliza wazee si mlima bali sakafu ya bafuni. Nyuma ya duka alikuwa na makopo mawili ya rangi yaliyojaa mchanga, akiyanyanyua kila baada ya siku moja, eti ukishapita sitini misuli hutoroka bila kuaga. Jumatano hakukimbia hata angekimbizwa na mbwa. Kupumzika nako ni mazoezi, alisema, na wanaoumia ni wale wasiojua hivyo. Alikula maharage, mboga za majani na matunda. Soda aliitazama kwa jicho la polisi.

Mkewe nilimwita dada. Hatukuzaliwa pamoja, lakini alinizidi miaka sita na aliwahi kunifokea vya kutosha, kwa hiyo jina lilimfaa. Naye alikuwa fundi saa, na nisiposema kwamba alikuwa fundi kumshinda mumewe nitakuwa nimemdhulumu marehemu. Duka lao ni jembamba hivi kwamba walipokaa kwenye meza moja, yeye upande wa dirisha na mume upande wa ukuta wangu, magoti yao yaligusana. Kila mmoja na lenzi yake jichoni. Waliweza kukaa hivyo nusu siku bila neno, nisikie bisibisi tu zikiwekwa na kuchukuliwa.

Kwenye droo ya dada ilikaa saa ya mbio: saa nzito ya zamani ya mfukoni, unabonyeza kichwa inaanza, unabonyeza tena inasimama. Hiyo ndiyo iliyompima Mzee Dakika miaka yote; saa ya waandaaji getini hakuijali. Na juu yake mzee aliweka sheria, maana ni mtu wa sheria: mkimbiaji haifungui saa inayompima. Kusafisha, kutia mafuta, kurekebisha, kazi zote hizo zilikuwa za mkewe. "Watu wasije wakasema najipunguzia dakika," alisema. Nani angesema hivyo sijui, maana aliyejali dakika zake alikuwa yeye peke yake.

Siku ya mbio, wakimbiaji wakishaondoka, dada alibonyeza saa na kushika njia ya mkato, kilomita nne za kupanda, chupa ya maji mkononi. Alimsubiri mumewe kwenye jiwe moja kubwa, bapa kama kitanda, pale ambapo kilomita ya ishirini inakwisha na mteremko wa mwisho unaanza. Alimpa maji, akamtajia muda. Basi. Halafu alimfukuza.

"Usikae!" alimpigia kelele. "Maji unywe ukienda! Toka!"

Mzee Dakika alilalamika kwa utani kwamba ameoa kocha. Dada naye alinilalamikia jambo lake, na hakuwa akitania. "Miaka yote hii, mdogo wangu, napanda mlima na magoti yangu haya. Anakunywa, anasikia muda, anaondoka. Hajawahi kugeuka nyuma hata mara moja."

Mwaka jana, miezi mitatu baada ya mbio, dada alifariki. Alikuwa akiumwa tangu kabla ya mbio na alipanda hivyo hivyo. Wiki yake ya mwisho nilikuwa nakaa naye mchana ili mzee afungue duka, na siku moja alinishika mkono akaniomba kitu.

"Siku ya mbio, mwakani, upande pale jiweni. Asikae. Umesikia? Asikae hata kidogo."

Nikamwambia sawa. Ungemwambia nini mgonjwa? Nilidhani anawaza maji.

Baada ya hapo duka la jirani likawa na kimya cha aina nyingine. Zamani kilikuwa kimya cha watu wawili. Mzee aliendelea kukaa upande wake wa ukuta, magoti yamebanwa vilevile kana kwamba kuna mtu mbele yake, na lenzi ya dada ikabaki imening'inia kwenye msumari. Mwanawe wa pekee anaishi mbali na hupiga simu Jumapili, dakika kumi, nazisikia zote. Salama. Nakula. Nakimbia. Wewe je? Haya. Kisha husikii kitu mpaka Jumatatu.

"Hamsini na tisa leo, shemeji," alianza kuniambia.

"Umepanda."

"Utashuka. Silali vizuri, basi."

Lakini mazoezi hakuacha. Wiki tatu kabla ya mbio alikimbia njia yote peke yake, saa ya mbio shingoni kwenye kamba, akaja dirishani kwangu jasho likimchuruzika. "Saa mbili na dakika hamsini na mbili," alisema. "Nina dakika nane za akiba. Namba yangu nabaki nayo, shemeji." Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kumwona akicheka. Kisha akaongeza, polepole zaidi: "Kitu kingine chote kimeshaondoka. Hii nataka ibaki." Nikaishona 23 kwa uzi mara mbili.

Siku ya mbio sikupanda jiweni. Jambo hilo naliandika hivyo hivyo lilivyo. Magoti yalikuwa yakiniuma, jua lilikuwa kali, na nilijiambia maji ni maji, hata nikimpa mwisho wa safari yatamfaa. Nilikaa kwenye kivuli cha jukwaa la uwanja na chupa mbili nimezifunga kwenye taulo. Watu walifika mmojammoja, wameloa, wengine wakichechemea. Saa kubwa iliyo juu ya geti ilipokaribia saa tatu za mwendo, nilisimama. Ilipotimia, karani wa geti alisukuma mlango wa chuma, ukafungika.

Mzee Dakika alitokea kwenye kona dakika moja na kitu baadaye. Alikuwa anakimbia vizuri, kifua juu, mkono mmoja umeishika saa. Alipoliona geti limefungwa alitabasamu, akidhani wanamtania.

"Fungua, kijana."

"Muda umekwisha, mzee wangu. Saa tatu na dakika mbili."

"Saa mbili na hamsini na tano!" Aliinyanyua saa juu ili watu wote waione. "Hii hapa! Mimi ni fundi saa mwaka wa thelathini na nane. Saa yenu imekimbia."

"Zipo tatu, mzee. Tazama ile ya juu, hii ya mkononi kwangu, na ile ya mwenyekiti. Zote zinasema kitu kimoja."

"Basi zote zimeharibika!"

Watu wakacheka. Si kwa ubaya, lakini walicheka, na mimi ningeweza kuwachoma wote kwa sindano. Mwenyekiti wa mbio akaja, mtu mpole, akamwita mzee pembeni, akamwambia maneno ambayo sikuyasikia. Niliona tu fundi akitikisa kichwa, kisha akakoma kutikisa. Nilimpa chupa ya maji. Aliichukua bila kunitazama, wala hakuifungua.

Tulitembea hadi dukani. Aliapa njia nzima kwamba kesho ataileta saa mbele ya kamati, ataiweka sambamba na saa yoyote watakayo, na watamwomba radhi. Alifungua duka akiwa bado na fulana yenye namba. Alibonyeza saa ya mbio na kuiweka chini ya saa yake ya ukutani, ile anayosawazishia saa za wateja, ambayo aliiamini kuliko mimi. Akakaa. Mimi nikasimama mlangoni, maana kiti cha pili nisingekikalia.

Dakika kumi za ukutani zilipotimia, saa ya mbio ilikuwa nyuma kwa sekunde ishirini na nne.

Alirudia. Sekunde ishirini na nne tena.

"Imechafuka," alisema. "Mafuta yamekauka." Lakini sauti yake haikuwa na nguvu. Alivaa lenzi, akachukua kisu chembamba cha kufungulia vifuniko, na kwa mara ya kwanza tangu ainunue akaivunja sheria yake.

Ndani ilikuwa safi. Hata mimi mshona nguo niliona jinsi ilivyong'aa. Mafundi saa wana desturi yao: kila anayeifungua saa hukwaruza alama yake na mwaka upande wa ndani wa kifuniko, ili fundi atakayekuja ajue nani alipita. Kwenye kifuniko kile kulikuwa na alama za mtu mmoja tu, mwaka kwa mwaka, mwandiko mdogo ulionyooka. Lakini kuanzia miaka minane iliyopita, kando ya kila mwaka palikuwa na kitu cha ziada: vistari viwili vifupi. Mwaka wa mwisho vile vistari vilikuwa vimepinda, kama vimekwaruzwa na mtu mwenye homa.

Mzee aliinamia meza. Kisha akachukua kibanio, akanionyesha kile kigurudumu kinachokwenda na kurudi ndani ya saa, chenye skurubu ndogo ukingoni. Chini ya skurubu kulikuwa na vipete vya shaba, vyembamba mno hivi kwamba nilipopumua alinisogeza kwa mkono. Gurudumu likiongezewa uzito huenda polepole, alinieleza, na saa nzima nayo huenda polepole. Alivihesabu. Vilikuwa kumi na sita. Jozi moja kila mwaka, kwa miaka minane.

"Miaka minane," alisema. "Unakumbuka mwaka ule nilioketi?"

Nilikumbuka, kwa sababu dada alinisimulia. Alipofika jiweni mwaka ule, dada alimtajia muda wa kweli, na ulikuwa mbaya kuliko mwaka wa nyuma kwa dakika kumi. Mzee alikaa chini palepale akasema amekwisha, amekuwa mzee, wamwache. Ilibidi dada amvute kwa mkono. Alifika geti likiwa linasukumwa. Siku mbili hakusema na mtu. Na miaka iliyofuata alikuwa akimtania mkewe tukisikia sote: mimi sizeeki, wewe ndiye unayezeeka, ona unavyopanda ngazi.

"Alikuwa ananiongopea," alisema, na mara akakasirika kwelikweli, akapiga meza, skurubu zikaruka. "Mimi! Ananiwekea vipete kama... kama mtoto! Na mimi namwambia kila mtu, saa yangu, saa yangu!" Alitazama mbele, upande wa dirisha, mahali pa kumfokea mtu. Hapakuwa na mtu.

"Mwaka huu usingechelewa," nilisema. Nilijua kwamba nikinyamaza hapo nitanyamaza mpaka kufa. "Kwa hesabu hiyo, ile hamsini na mbili yako ya mazoezi ilikuwa kama hamsini na tisa. Ungefika kabla ya geti kufungwa. Nini kilitokea?"

Alikwaruza meza kwa ukucha.

"Nilikaa. Pale jiweni. Nikatazama saa, nikaona nina dakika nane za akiba. Nikasema dakika tatu nikae naye. Miaka yote hajawahi kuniruhusu kukaa, shemeji. Sikuwahi hata kumwambia asante, maana ananifukuza. Nikasema leo hakuna wa kunifukuza."

Ndipo nikamweleza nilichoombwa na dada, na kwamba nilikubali, na kwamba nilikaa kivulini. Saa ilikuwa ikimdanganya na dada mwenyewe alijua kwa kiasi gani. Kelele zake ndizo zilizokuwa muda wa kweli, zikifidia dakika ambazo saa ilizificha. Zile alitaka kuniachia mimi, nami nikaleta maji. Sikutafuta maneno ya kujitetea. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema tu, "Nenda nyumbani, shemeji. Umesimama sana."

Namba 23 ilipewa mwalimu mmoja wa sekondari, kijana mzuri, nasikia anakimbia kwa kasi. Mwezi mzima baada ya hapo sikusikia mapigo ya moyo kupitia ukutani. Makopo ya mchanga yalikaa nyuma ya duka yakaota kutu. Jumatano na Ijumaa zikawa kitu kimoja. Nilianza kugonga mbao mimi.

"Ngapi leo?"

"Sijahesabu."

Sikujua kwamba mtu anaweza kuzikosa habari asizozipenda. Nilikuwa nashona na redio imezimwa ili nisikie kama anasogea.

Kisha Ijumaa moja jioni, wakati nafunga, alikuja dirishani na kuiweka saa ya mbio juu ya kitambaa nilichokuwa nakata.

"Kesho nakimbia njia yote," alisema. "Kama magoti yako yanakubali."

"Umeitengeneza?"

"Sijatoa hata kimoja." Alikuwa anatazama pembeni. "Unitajie inavyosema yenyewe. Usiniongezee wala usinipunguzie. Niambie anavyosema yeye."

Asubuhi nilibonyeza saa kwenye geti la uwanja mtupu, akaondoka, nami nikashika njia ya mkato. Dada alikuwa akiipanda kwa saa moja na robo. Mimi ilinichukua karibu mbili. Nilisimama mara nyingi nimeshika mapaja, nikimfikiria yule mwanamke na homa yake mwaka jana, chupa mkononi, na kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza njia hii inamuumiza kiasi gani. Juu upepo ulikuwa wa baridi. Jiwe lilikuwa tupu na mji wote chini yake mdogo.

Alitokea kwenye majani, mwendo mzito, akihema. Nikampa maji.

"Mbili na thelathini na moja," nilisema.

Alikunywa. Akalitazama jiwe, na nikaona magoti yanaanza kukunjika.

"Usikae!" nilisema.

Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mfiwa. "Yeye alikuwa mkali zaidi," alisema.

Basi nikapiga kelele. Nilipiga kelele kwa hasira zangu zote, za mwezi mzima, za kivuli cha jukwaa, za kiti kile cha dirishani. "Usikae! Maji unywe ukienda! Toka! Toka hapa!" Koo liliniuma. Ndege waliruka kwenye majani. Naye akatoka, kwanza akitembea, kisha akikimbia, chupa bado mkononi, akiteremka na njia.

Kwenye kona, kabla miti haijamficha, alisimama akageuka nyuma. Hakuwa ananitazama mimi. Alilitazama jiwe, akaliinulia mkono, kisha akaendelea kushuka.